Tanuri la udongo uani: maswali ninayoulizwa mara kwa mara

Tangu nianze kuoka mikate uani kwangu hapa Morogoro, haipiti wiki bila mtu kusimama kwenye uzio na kuuliza lile pango la udongo ni la nini. Nimejenga matanuri matatu. La kwanza liliporomoka kabla halijaoka hata mkate mmoja. La pili lilioka, ila lilikula kuni bila kushiba. La tatu ndilo linalofanya kazi mpaka leo. Majibu mengi yaliyo hapa chini yametokana na makosa ya yale mawili ya mwanzo.

Ni tanuri la namna gani hasa? Ni kama lile la mofa, ile mikate midogo ya mtama?

Ni ndugu, lakini si pacha. Neno tanuri limetoka kwa Waarabu, nao husema tannur, na Pwani limezoeleka kwa kuchomea chokaa ya matumbawe na kwa kuokea. Tanuri la mofa hufunguka kwa juu, na mwokaji hubandika donge ukutani kwa mkono wake mwenyewe. Ni kazi ya mwenye roho ngumu, vinyweleo vya mkononi haviponi. Hili ninalolieleza ni kuba lenye mlango mmoja ubavuni, halina dohani. Moto unawashwa juu ya sakafu ileile utakayookea. Sakafu na kuta zikishashiba joto, unavuta makaa nje, unafuta majivu kwa tambara bichi, unaweka mkate, unaziba mlango. Mkate unaiva kwa joto lililowekwa akiba kwenye udongo.

Udongo gani unafaa?

Udongo wa mfinyanzi, ule unaonata na kuteleza ukilowa. Usinunue kabla hujachimba kwako. Ondoa tabaka la juu lenye mizizi na mboji, kisha angalia kilichopo chini. Wafyatuaji wa tofali za kuchoma wa mtaani kwako wanajua udongo mzuri ulipo, waulize hao kwanza.

Mimi chaguo langu la kwanza ni kichuguu. Mchwa wameshauchambua udongo ule chembe kwa chembe, hauna kokoto, na ukikauka unakuwa mgumu kama unavyoujua. Tumia kichuguu kilichohamwa, chungulia nyoka kabla ya kupiga jembe, na omba ruhusa hata kama kiko porini. Viko vichuguu ambavyo wazee hufanyia matambiko, na kwa kutazama tu huwezi kuvitambua.

Udongo mweusi wa mbugani uache ulipo. Unavimba ukilowa na unapasuka ukikauka. Aliyewahi kupita shamba la mbugani wakati wa kiangazi anajua zile nyufa zinavyoweza kumeza mguu.

Kupima ni rahisi. Viringisha udongo mbichi uwe kama kamba nene ya kidole, kisha uzungushie kidoleni. Usipokatika, una unato wa kutosha. Kipimo cha pili: jaza udongo robo ya chupa ya kioo yenye mdomo mpana, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa kwa nguvu, iache. Mchanga unatua ndani ya dakika moja au mbili, vumbi laini linafuata kwa saa kadhaa, na mfinyanzi unachukua siku nzima au zaidi. Ukitazama matabaka utajua una nini mkononi.

Nichanganye na mchanga kiasi gani?

Ndoo 1 ya udongo kwa ndoo 2 hadi 3 za mchanga, kutegemea unato wa udongo wako. Mfinyanzi mtupu unasinyaa sana ukikauka na lazima upasuke. Mchanga hausinyai, ndiyo maana unapewa sehemu kubwa. Tumia mchanga wa ujenzi wenye chembe za kukwaruza, uliochekechwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, na chumvi huvuta unyevu na kubambua udongo, kwa hiyo wa Tanga na Bagamoyo nendeni kwa wauza mchanga kama watu wengine.

Usibahatishe kipimo. Finyanga vitofali vitatu vya majaribio: kimoja cha 1 kwa 2, kimoja cha 1 kwa 2 na nusu, kimoja cha 1 kwa 3. Juu ya kila kimoja chora mistari miwili iliyoachana sentimita 10 kamili. Vikauke kivulini, kisha pima tena. Kilichopasuka, au ambacho mistari yake imesogeleana chini ya sentimita 9.6, kinahitaji mchanga zaidi. Kinachomomonyoka ukikisugua kwa kidole gumba kimezidi mchanga. Mimi siku hizi sianzi kazi bila vitofali hivi, hata udongo ukitoka shimo lilelile.

Kuchanganya ni kwa miguu, juu ya turubai. Waite watoto wa jirani. Tope likiwa tayari, fanya donge la ukubwa wa chungwa, lidondoshe kutoka kifuani. Likichapika kama chapati, maji yamezidi. Likisambaratika, limekauka mno. Likibaki donge lenye nyufa mbili tatu, anza kujenga.

Je, niongeze saruji kidogo ili liwe imara?

Hapana. Hata mfuko wa mwisho uliobaki wa ujenzi wa choo, hapana. Saruji iliyoganda inashikiliwa na maji yaliyofungwa ndani yake, na kwenye joto la tanuri maji hayo yanatoka, nguvu inakwisha, inapasuka na kuruka vipande. Udongo kinyume chake: ukipata moto unazidi kukaza.

Vipimo vyake vikoje?

Kwa familia, sakafu ya duara yenye upana wa sentimita 70 kwa ndani, na kimo cha kuba sentimita 40. Mlango uwe na kimo cha sentimita 25 na upana wa 35 hivi.

Kimo cha mlango ndicho kipimo kisichochezewa. Kinatakiwa kuwa kama asilimia 63 ya kimo cha kuba kwa ndani. Tanuri hili linavuta pumzi na kuitoa kwa mdomo mmoja: hewa baridi inaingia kwa chini, moshi unatoka kwa juu. Mlango ukiwa mrefu mno, joto linamwagika nje. Ukiwa mfupi mno, moto unakosa hewa, unazimazima na kukulisha moshi.

Kwa ukubwa huu, tabaka la kwanza lenye unene wa sentimita 8 linahitaji kama ndoo 4 za tope lililokwisha kuchanganywa, kwa ndoo za lita 20. Ongeza kidogo ya akiba.

Chini panajengwaje?

Hapa ndipo tanuri langu la pili liliponishinda. Nilijenga meza nzuri ya mawe, nikamwaga zege juu, nikapanga tofali juu ya zege, nikaanza kuba. Mikate ilitoka imeungua juu, chini mibichi. Zege lilikuwa linafyonza joto lote la sakafu na kulipeleka chini, halirudi.

Fanya hivi. Jenga ukuta wa mawe au tofali wa mraba wa sentimita 120 kila upande, kimo ambacho sakafu ya tanuri itaishia usawa wa kiwiko chako au chini yake kidogo. Ujaze kifusi na ushindilie, ukiacha sentimita 25 hadi 30 za juu. Hapo laza chupa tupu za soda au za bia, bila vizibo, zikae kwa ubavu. Nafasi kati ya chupa jaza pumba za mpunga zilizokorogwa kwenye uji wa udongo. Hewa iliyomo ndani ya chupa na ndani ya pumba ndiyo inayozuia joto lisishuke. Wenzetu wa Rungwe na Arusha wana yale mawe mepesi ya volkano yenye matundu. Hao hawahitaji hata chupa.

Juu yake weka sentimita 5 za tope la udongo na mchanga, liache likaze, kisha tandaza mchanga mkavu sentimita 2 na usawazishe kwa pima maji. Panga tofali za kuchoma juu ya mchanga, zibanane, bila kuzijengea na chochote. Chagua tofali zilizotoka katikati ya tanuri la matofali, zile ambazo ukizigonganisha zinalia kama kengele. Zinazotoa sauti ya gunia hazikuiva. Ukipata tofali maalumu zinazostahimili moto, nunua za sakafu tu. Mawe ya mtoni usiyatumie ndani: yanabeba maji, na yakipashwa ghafla hulipuka.

Kuba linasimamaje bila kuanguka?

Linajengwa juu ya kichuguu cha mchanga. Chora duara la sentimita 70 juu ya tofali, rundika mchanga uliolowa kidogo, ushindilie kwa viganja mpaka upate umbo la kuba la sentimita 40. Zinakwenda ndoo 5 hadi 6. Funika kwa magazeti yaliyoloweshwa, ili baadaye ukiutoa mchanga ujue umefika ukutani.

Kisha zungushia tope kuanzia chini kwenda juu, mstari kwa mstari, unene wa sentimita 8. Kandamiza kila donge kuelekea donge la chini yake, usilisukume kuelekea kwenye mchanga, utaharibu umbo. Maliza kuba siku hiyohiyo. Kesho yake, kisu kikiingia bila kunatwa na udongo, kata mlango. Mchanga nautoa siku moja au mbili baadaye, kwa mkono na kwa subira, kidogo kidogo. Ukiona kuba linatitia, rudisha mchanga na usubiri.

Kwa nini unasisitiza tabaka la pili? Kwa jirani yangu lipo moja tu na anaoka.

Anaoka, ndiyo. Mwulize anachoma kuni kiasi gani.

Tabaka la kwanza, lenye mchanga mwingi, ni ghala la joto: ni zito, linapokea joto na kulitunza. Lakini ghala lisilo na mlango halitunzi kitu. Joto likishapenya sentimita 8 linatokea upande wa pili na kwenda zake kwa ndege wa angani. Tabaka la pili kazi yake ni kulizuia lisitoke, kwa hiyo linatakiwa liwe jepesi, lenye hewa nyingi. Haya ni mambo mawili tofauti na udongo mmoja hauwezi kuyafanya yote. Watu wengi wakiambiwa joto linapotea huongeza unene wa tabaka la kwanza. Wanapata ghala kubwa zaidi, linalohitaji kuni nyingi zaidi kujaa, na bado linavuja.

Tengeneza uji mzito wa mfinyanzi bila mchanga, mimina kwenye pumba za mpunga au maranda ya mbao, uchanganye mpaka kila punje ipakwe. Ukiminya kiganjani lishikane, lakini lisidondoshe maji. Kandika sentimita 8 hadi 10 kuzunguka kuba lote. Maranda yatakuja kuungua polepole kwa upande wa ndani na kuacha vijitundu vya hewa, hilo ni jambo jema. Mimi napenda pumba za mpunga, kwa kuwa hapa kwetu zinatupwa mashineni, na mchwa hawana hamu nazo kama walivyo na majani makavu.

Ujue limekubali: saa mbili tangu moto uwake kwa nguvu, weka kiganja juu ya kuba. Liwe vuguvugu tu. La kwangu la pili lilikuwa linaunguza. Paka wa nyumbani alikuwa analala umbali wa hatua mbili.

Likauke kwa muda gani kabla ya kuwasha moto?

Kwa muda mrefu kuliko uvumilivu wako. Tanuri langu la kwanza nilikuwa na wageni wa Jumapili. Kuba lilikuwa na siku nne, kwa nje limekauka na kuwa na rangi ya biskuti, nikasema linatosha. Nikalitia moto wa nguvu saa tano asubuhi. Unyevu uliokuwa katikati ya ukuta uligeuka mvuke ukakosa pa kupita. Kipande cha ukubwa wa sinia kilidondoka kutoka darini, kikaangukia moto, na jioni nusu ya kuba ilikuwa chini. Wageni walikula wali.

Siku hizi naacha wiki moja hadi mbili za jua chini ya kivuli cha turubai, kisha naanza na moto wa vijiti, wa kuchemshia chai tu, saa moja au mbili kwa siku. Kila siku naongeza kidogo. Ukiona mvuke unatoka kwa nje ya kuba, bado. Likikauka kabisa, ndipo naloweka uso wake kwa uji wa udongo na kukandika tabaka la pili, na mioto midogo inaanza upya.

Limepasuka! Nibomoe?

Nyufa za unene wa uzi ni kawaida, kila tanuri linazo, zinafunguka likipata moto na kufunga likipoa. Zinazoingiza kucha zizibe kwa tope lilelile ulilojengea, baada ya kulowesha kingo. Ikiwa ufa unaingiza kidole na unazunguka kuba, udongo wako ulikosa mchanga au ulikauka juani haraka mno. Hilo nalo linazibika, ila usilitie moto wa pizza.

Mvua?

Paa. Hakuna dawa nyingine. Mabati manne juu ya nguzo, yawe juu ya kutosha ili miali ya mlangoni isiyafikie. Makuti na nyasi hapana kabisa. Jenga kati ya Juni na Septemba, baada ya masika na kabla ya vuli, upate miezi ya ukavu.

Kwa nje piga lipu ya udongo, mchanga laini na mavi ya ng'ombe, au chokaa. Lipu ya saruji inafungia unyevu ndani na itabanduka kwa mabamba. Mlango uelekeze pembeni mwa upepo unaovuma sana kwenu. Wa Pwani fikirieni kusi na kaskazi, yote mawili.

Kuni gani?

Kavu. Kuni mbichi hutumia sehemu ya moto wake kujichemsha. Mvinje na mgunga zina moto mkali. Mkaratusi si mbaya. Mabaki ya seremala yanafaa mradi hayana rangi, vanishi wala dawa ya mbao. Mnyaa usiuguse, utomvu na moshi wake vinaumiza macho. Mikoko inalindwa kisheria, iache baharini.

Nitajuaje limefikia joto bila kipima joto?

Tazama dari. Mwanzoni moto unapaka kuba lote masizi meusi. Joto likipanda, masizi yenyewe yanateketea, na dari inaanza kung'aa nyeupe kuanzia juu kushuka chini. Likiwa jeupe lote, sakafu inakaribia nyuzi 350 au zaidi, ni wakati wa pizza: sukuma makaa upande mmoja, acha mwali ulambe dari, na pizza inaiva kwa dakika mbili tatu.

Kwa mkate joto hilo ni la kuunguza. Toa makaa yote, ziba mlango nusu saa joto lisambae, kisha nyunyiza unga kidogo sakafuni. Ukigeuka mweusi papo hapo, subiri. Ukigeuka kahawia taratibu, wakati unahesabu mpaka kumi na tano, ingiza mikate.

Naweza kupika nini zaidi ya mkate?

Ukiacha joto lote lipotee baada ya mkate mmoja, umechoma kuni bure. Moto wangu mmoja, wa kama saa mbili na nusu, naupangia foleni. Kwanza pizza au samaki mzima. Pili mikate. Wakati ikipoa, kuku au mguu wa mbuzi kwenye chungu chenye kifuniko. Kisha keki, skonsi, mkate wa kumimina, huu wa mwisho bila ile kazi ya kupalia makaa juu ya sufuria na kuombea usiungue kofia. Usiku, sufuria ya maharage na maji ya kutosha. Asubuhi yameiva na yangali ya moto. Mwisho kabisa naweka pilipili au maganda ya machungwa yakauke, na kuni za moto unaofuata.

Moshi unanirudia usoni. Nimekosea wapi?

Pima mlango kwanza, ile asilimia 63. Kama uko sawa, basi kuni ni mbichi, au umewasha moto ndani kabisa. Washa karibu na mlango, uusukume ndani taratibu kadiri unavyokolea.

Serikali inahimiza nishati safi, wewe unatufundisha kuni?

Swali la haki. Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, na lengo lake ni asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Mimi ugali na chai napika kwa gesi. Tanuri ni la mara moja kwa wiki, uani, penye hewa, na moto mmoja unapika vyakula vitano. Usilijenge jikoni wala kwenye baraza iliyozibwa: moshi na hewa ya makaa yanayofukuta huua watu wakiwa usingizini. Na kama huna mpango wa kulitumia ila kwa kuchemshia maji, nunua mtungi wa gesi, utapumzika.

Linatosha biashara?

La sentimita 70 linabeba mikate 6 hadi 8 ya nusu kilo kwa mkupuo mmoja, pengine na mkupuo wa pili uliopoa kidogo. Ni biashara ya majirani. Ukitaka kulisha maduka, panua mpaka mita moja na zaidi, na mwone bwana afya wa kata kabla hujauza.

Nimepanga. Nikihama naondoka nalo?

Hapana. Linazidi uzito wa kabati la bibi yako. Ongea na mwenye nyumba kabla ya kuchimba, si baada.

La kwangu limeporomoka. Nianze wapi?

Usitupe kitu. Udongo ambao moto haukuuivisha, loweka siku mbili, utarudi kuwa tope kama mwanzo. Ule wa ndani ulioiva na kuwa mwekundu hauyeyuki tena, kwa hiyo uponde kwa nyundo upate chenga za ukubwa wa punje ya mchele, utumie badala ya sehemu ya mchanga. Ni bora kuliko mchanga wenyewe, kwa sababu umeshapita motoni. Kuba langu la tatu lina ndoo nzima ya chenga za lile la pili. Ukikwaruza kidogo pembeni mwa mlango unaziona, nyekundu, kama vipande vya chungu.